Makazi ya Mdai

Wanafunzi wa sheria wana maradhi yao, na Léoncie alikuwa nayo yote: kupenda kusimama, kupenda kusikika, na kuamini kwamba hakuna kosa kubwa duniani kuliko kosa la utaratibu. Aliyemwambukiza ni mwalimu wao, Maître Astère, wakili aliyezeekea kwenye kesi za nyumba na mashamba. Mwezi uliopita alilichana dai la Léoncie mbele ya darasa zima kwa sababu hakuandika mdai anakaa wapi. Dai lisilo na makazi ya mdai ni maiti, alisema. Hakimu halisomi, analizika.

Basi Jumamosi ile Léoncie alikuja amejiandaa. Vita vilikuwa vimeijaza Bujumbura watu waliofukuzwa majumbani mwao na wengine waliojiingiza humo, na Maître aliwazoesha wanafunzi wake kwa kesi za kweli za namna hiyo. Sharti lilikuwa moja tu: majina yabadilishwe. Kesi ya Léoncie ilikuwa ya Dorothée, mjane aliyekuwa akimsaidia kuidai nyumba yake ya Bwiza. Mumewe aliuawa, yeye akakimbia, na Adrien, mkubwa wa vijana waliokuwa wakifunga barabara za mtaa, akaingia na kukalia viti vyake. Vijana hao walitangaza wazi kwamba mwenye nyumba atakayerudi kudai hatadai mara ya pili.

Majina aliyabadilisha yote. Makazi hakuyagusa, wala mtaa wa nyumba inayodaiwa. Aliyasoma kwa sauti ya kortini: Buterere, nyuma ya mashamba ya mpunga, nyumba inayopakana na kanisa la mbao. Valéry, aliyepangiwa kumtetea mvamizi, aliinua mkono akauliza kwa adabu kama ni lile kanisa la karibu na mfereji. Ndilo, alijibu Léoncie, tena kwa fahari. Maître akatingisha kichwa kwa kuridhika, na darasa likaendelea.

Walipotoka, Valéry alikuwa akimngoja mlangoni. Walikuwa wakikaa benchi moja tangu mwaka wa kwanza, wakiazimana kalamu.

"We Léoncie, ile nyumba ya Bwiza, si ni ile Adrien anaikala?"

Léoncie alisema hajui.

"Adrien ni mutoto wa baba yangu mukubwa," alisema Valéry, akitabasamu. "Nitamusalimia."

Léoncie alimwacha hapo mlangoni. Mdomo huponza kichwa, ndivyo wasemavyo, lakini wake ulikuwa umeponza kichwa cha mtu mwingine. Petroli ilikuwa imeadimika kwa ajili ya vikwazo vya nchi jirani na magari hayakuonekana, kwa hiyo alikwenda Buterere kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia, na kila kijana aliyemtazama njiani alimwona ni wa Adrien. Alimkuta Dorothée uani akichambua maharage. Akamweleza kila kitu, hata ile fahari yake.

Dorothée hakumtukana. Aliacha maharage yamwagike, akainuka akaanza kufunga vyungu na nguo kwenye kitenge. Léoncie alimwambia kwamba wangeweza kuiacha kesi.

"Apana," alisema Dorothée. "Nikiacha, yeye atalala muzuri. Mi nitahama leo. Lakini we umesoma, uniambie: kwa ile karatasi utaandika naikala wapi?"

Sheria ilikuwa na jibu. Mdai anaweza kuchagua makazi kwa mtu mwingine, na mara nyingi huwa kwa wakili wake. Hati zinapelekwa huko na dai linasimama. Léoncie alimkimbilia Maître Astère nyumbani kwake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Alisema wakati wa Pasaka mlango wake ulitupiwa guruneti, na ndani kuna wajukuu. Aliyasema hayo huku akitazama meza. Léoncie alijiambia kwamba hamlaumu, na huo ulikuwa uongo, alimlaumu sana.

Jumatatu karani wa korti aliuliza makazi ya mdai. Léoncie alitaja Bwiza, kwenye duka la vitenge la mama yake, ambamo wao wenyewe walilala chumba cha nyuma. Karani aliandika bila kuinua kichwa. Hati hiyohiyo ingepelekwa mkononi mwa Adrien, maana mdaiwa ana haki ya kujua kila kitu.

Mama yake alipoambiwa aliuliza, "Uliniuliza?" Siku zilizofuata walipikia ndani, wakaweka sikio mlangoni, na Léoncie aliogopa mpaka akaona haya kula chakula cha mama yake.

Adrien alikuja mchana kweupe, na vijana wawili nyuma yake. Alikuwa ameikunja ile hati vizuri mkononi. Majirani walipomwona waliingia ndani mmoja mmoja na milango ikafungwa. Alisalimia kwa heshima, akatazama vitenge, akauliza kama Dorothée anaikala hapa.

Léoncie alisimama nyuma ya meza. Apana moja tu ingetosha kuwaondoa watu hawa mlangoni. Lakini mdai anayekanwa kwenye makazi aliyoyachagua hana kesi, na Adrien angeondoka hapo moja kwa moja kwenda kumsaka mjane kule mabondeni alikohamia. Alitamani mno kuisema. Alikuwa na miaka ishirini na tatu na hakutaka kufa.

"Ndiyo," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba kama ya mtoto. "Anaikala hapa."

Adrien aligeuka akamtazama mama, apate ukweli kwa mtu mzima. Mama aliweka chini kitenge alichokuwa akikunja. Akavuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakiweka mbele ya Adrien.

"Ametoka kidogo," alisema. "Ukae, umungoje."