Waya Pembeni mwa Msala

Ijumaa, tarehe 5 Machi 1999. Mvua ilinyesha tangu kabla ya alfajiri, ikakatika jua lilipochomoza, na mtaa wetu wa Tsaramandroso ukaanza kufuka mvuke. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nguo kambani.

Saa moja na nusu nilifungua friza. Nilikuwa tayari nimevaa gauni la kwendea mtihani, na kalamu mbili zilikuwa mfukoni. Kwanza niliona maji. Yalikuwa mekundu, mazito, yamejaa chini hadi kiasi cha vidole vinne, na juu yake ilielea mifuko yangu ya nailoni, imevimba kama matumbo ya vyura. Karatasi nilizoandika kwa mkono wangu, “Mataba, 23 Februari”, “Nyama, 24 Februari”, zilikuwa zimebanduka na wino wake umesambaa. Kisha harufu ikanifikia. Ilikuwa tamu mwanzoni, na hilo ndilo lililonitia kichefuchefu zaidi, kwa sababu nilikwisha kuivuta ndani kabla sijaijua.

Saa tatu nilitakiwa niwe darasani. Saa saba wanaume arobaini wangetoka swala ya Ijumaa na kuja kwangu kumsomea hitima mume wangu Athoumani, aliyekuwa ametimiza mwaka kaburini. Chakula chao chote kilikuwa ndani ya friza ile.

Nitaeleza kwa nini nilipika siku kumi kabla.

Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na tisa, katika darasa la jioni la watu wazima, baada ya isha. Kurani nilikuwa naisoma tangu utotoni, lakini barua ya mwanangu nilikuwa nasomewa. Mtihani wa cheti hufanywa mara moja kwa mwaka, na mwaka ule msimamizi alitupangia Ijumaa asubuhi. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia ya kupata vyote viwili, mtihani na hitima. Nilidhani amenijibu kwa njia ya friza.

Friza ilitoka kisiwani Nosy Be. Binti yangu Zaïtoun anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Ambatoloaka, na hoteli ilipobadilisha vyombo, yeye alipewa friza kuukuu akaniletea kwa meli ya mizigo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekwenda kumtembelea. Alinionyesha chumba cha baridi, mchuzi na samaki vimepangwa kwa tarehe, kila kibweta na karatasi yake. Nilisoma moja kwa sauti: “Kamba, 12 Agosti.” Lilikuwa jambo la kwanza nililolisoma nje ya darasa. Mpishi alivaa glovu na hakuna aliyeonja kwa kidole.

Hilo la kidole lilinigusa kwa sababu jiko la hitima zetu lilikuwa limenikinaisha. Desturi yetu ni kwamba siku ya hitima wanawake wa mtaa huja kwako tangu alfajiri bila kualikwa. Wengine hutwanga majani ya muhogo ya mataba, kisamvu chetu, wengine hukuna nazi, wengine huosha mchele. Kwenye arobaini ya Athoumani nilikaa nikawatazama. Mmoja alionja mchuzi, akalamba mwiko, akaurudisha chunguni. Mwingine alimkalisha mtoto asiye na nguo juu ya mbuzi ya nazi, kisha akamwondoa na kuendelea kukuna. Wifi yangu Nafissa, dada yake marehemu, alipiga chafya juu ya sinia la wali, akasema Alhamdulillahi, akafuta pua kwa kanga ileile aliyoshikia sufuria. Sikula siku ile. Tena walinitania kutwa nzima. “Mwanafunzi, tusomee hicho chungu kimeandikwa nini.”

Kwa hiyo hitima ya mwaka ilipokaribia, nilikwenda nyumba kwa nyumba nikawaambia wasije. Nilisema nimekwisha pika, kila kitu kiko tayari, kitapashwa moto tu. Koko Sitti, bibi anayesimamia vyungu vya mtaa wetu tangu mimi ni mwari, alinitazama, akaendelea kupeta mchele wake. Nafissa ndiye aliyesema.

“Wifi, umemweka kaka yangu kwenye barafu?”

“Nimeweka chakula.”

“Chakula cha watu waliokufa ndicho hukaa kwenye barafu,” alisema. Nafissa hukasirika kwa Kimalagasi na kucheka kwa Kikomoro, na siku ile alichanganya vyote viwili. “Haya. Nitakuja kula, sitakuja kupika.”

Nilirudi nyumbani nimeridhika nafsi yangu. Nilikuwa nimepika peke yangu siku mbili, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, kitambaa mdomoni. Niliacha vipoe kama Zaïtoun alivyoniagiza kwenye barua, nikatia mifukoni, nikaandika majina na tarehe. Aliniandikia pia: “Mama, usifungue mfuniko hovyo, baridi itatoka.” Agizo hilo nililishika kama sharti la saumu. Kwa siku kumi sikufungua hata mara moja.

Basi asubuhi ile ya Ijumaa nilisimama mbele ya maji mekundu nikatafuta wa kumlaumu. Nilisema moyoni ni hoteli, imenipa kitu kibovu. Nilisema ni umeme wa mji huu. Nilisema hata Zaïtoun. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia hunifanya niteme mate chini.

Nilichagua.

Nilipindua mifuko nikitafuta ile iliyonuka kidogo. Nilipata mitatu ya nyama iliyokuwa katikati, bado na ubaridi. Nikaitia kwenye sufuria, nikawasha moto, nikaponda tangawizi na pilipili nyingi, nikakamua ndimu kumi. Nilijiambia wanaume wakitoka Ijumaa huwa na njaa, hawana pua. Nilijiambia moto huua kila kitu. Povu lilipanda juu, la kijivu, linanata kwenye mwiko, na nyama ikaanza kuachana nyuzinyuzi. Tangawizi haikuifunika harufu. Iliivisha nguo tu.

Tangu utoto wangu sijatia mwiko chunguni bila kusema bismillahi. Mama alinifundisha hivyo kabla ya kunifundisha kutembea, nadhani. Nikatia mwiko, nikafungua mdomo, na neno halikuja. Nilijaribu tena. Mate yalinijaa mdomoni, na ulimi ukakataa kulitaja jina la Mungu juu ya sufuria ile. Nikakimbilia uani, nikatapika kwenye mfereji, juu ya viatu vyangu vya mtihani.

Niliinua kichwa nikamwona Nafissa mlangoni pa ua, kaziba pua kwa kanga.

“Kaka yangu tulimzika mwaka jana,” alisema. “Mbona leo ndiyo ananuka?”

Aliingia, akachungulia sufuria, akachungulia friza, akarudi nyuma kama aliyepigwa.

“Ulitaka kutulisha hii?”

“Ndiyo,” nilisema. “Bado kidogo tu ningewalisha.”

Nilitazamia atanicheka. Aligeuka, uso umemkunjamana, akatoka. Nilidhani amekwenda kunitangaza mtaani, na nilijua ninastahili. Niliuzima moto wa ile sufuria. Kwenye saa ya ukutani zilikuwa zimebaki dakika arobaini kufika mtihani.

Alirudi na Koko Sitti, na nyuma yao wanawake sita au saba. Koko Sitti hakuziba pua. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akaitazama friza mbele na nyuma, kisha akatazama chini. Chumba changu kina tundu moja tu la umeme, kwenye ukuta wa kibla, na msala wangu unakaa hapohapo.

“Echata,” aliuliza, “huu waya unafanya nini pembeni mwa msala?”

“Nauchomoa nikiswali, koko. Mashine inanguruma. Inanguruma hata kwenye sijida.”

“Unauchomoa mara tano kwa siku?”

“Na kwenye uradi, baada ya magharibi. Halafu isha, halafu naondoka kwenda darasani. Nikirudi naurudisha.”

“Juzi na jana?”

Jumatano na Alhamisi nilikuwa nimemsomea Athoumani Kurani tangu adhuhuri, juzuu kwa juzuu, na Alhamisi usingizi ulinichukua hapohapo kwenye msala, waya uko karibu na goti langu. Nilipoamka alfajiri niliswali, nikavaa, nikafungua friza.

“Mtoto wako anakuambia usifungue mfuniko, hufungui,” alisema Koko Sitti. “Halafu unauzima moto wake kutwa kucha kwa ajili ya Mungu.”

Mwanamke mmoja alianza kucheka, akajizuia, kisha wote wakacheka, wameshika mbavu na kuziba pua kwa pamoja. Nafissa aliegemea ukuta. “Malaika wamesikia swala yote vizuri,” alisema, “bila kelele.”

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimewaona wachafu hawa, kwa sababu ya chafya na mwiko uliolambwa. Na mikono yangu iliyooshwa kwa sabuni ilikuwa inanuka hadi kwenye viwiko.

Koko Sitti akaanza kugawa kazi kana kwamba ni alfajiri ya hitima yoyote. Wawili waende sokoni kwa samaki, leo hakuna nyama. Mmoja alete mchele wake, mwingine nazi zake. Majani ya muhogo yachumwe uani kwa Nafissa. Kisha akanigeukia.

“Nenda kwenye mtihani wako. Muda upo.”

Hilo ndilo nililoliomba miezi yote ile, na lilikuwa mbele yangu. Nilitazama friza. Mtu fulani angelazimika kuikomba ile nyama kwa mikono, mfuko kwa mfuko, na kuizika, na kuyachota yale maji kwa kikombe. Kama si mimi, angekuwa mmoja wao, ambaye nilimwambia asije.

“Siendi, koko,” nilisema. “Uchafu huu ni wangu.”

Nilivua gauni, nikajifunga kanga kuukuu. Nilichimba shimo nyuma ya choo, nikabeba mifuko ndoo kwa ndoo. Mmoja ulipasukia kifuani pangu. Mataba yaliyooza ni ya kijani kibichi bado, hilo sikulijua, na huvutika kama makamasi. Nafissa alikuja na jembe la pili bila kuombwa. Tulichimba pamoja. Alitapika mara moja, akafuta mdomo, akaniambia, “Darasani mnafundishwa kuandika. Kuchomeka waya mtafundishwa mwaka gani?”

“Mwaka wa pili,” nilisema, na hapo ndipo nilipoweza kucheka kidogo.

Saa tatu ilipita nikiwa ndani ya friza hadi kiunoni, nakwangua pembe kwa jivu na ndimu. Niliisikia ikipita, kengele ya shule hufika hadi kwetu. Nililia, lakini nilikuwa na uso uliolowa tayari na hakuna aliyetambua, au hakuna aliyesema.

Sitasema kwamba kazi ya Zaïtoun ni upuuzi. Kule Ambatoloaka watu wanakula chakula cha mwezi uliopita na hawaugui, kwa sababu hakuna anayechomoa waya. Friza ile ninayo hadi leo. Nimeihamishia baraza ya nyuma, ninaweka samaki wa siku tatu, nne, na jioni za darasa napasha mchuzi wa jana. Imenisaidia. Lakini siku ile nilijifunza kwamba nilichotaka kukigandisha hakikuwa chakula. Nilitaka hitima isiyo na watu jikoni.

Saa saba wanaume walikuja, wakasoma, wakamwombea Athoumani. Walikula wali wa nazi, samaki na mataba yaliyotwangwa asubuhi ileile. Waliomba kuongezwa. Mimi nilikaa uani na wanawake, mikono bado inanuka licha ya ndimu, na sinia letu lilipowekwa nilisita kuunyoosha mkono wangu kati ya mikono yao. Nafissa alilamba mwiko mbele yangu makusudi, akauchovya tena chunguni, akanipakulia.

“Kula, mwanafunzi. Hiki hakijalala.”

Nilikula. Sitadanganya, lilinishinda tonge la kwanza. La pili lilipita.

Koko Sitti alinawa, akasema, “Sasa ahidi, Echata. Wote tukisikia.”

Nikasimama.

“Wallahi,” nilisema, “mbele yako Koko Sitti, na wewe wifi yangu Nafissa, na ninyi nyote mlio hapa: chakula cha hitima hakitalala tena nyumbani mwangu hata usiku mmoja. Na chakula nisichoweza kukisemea bismillahi sitamwekea mtu. Na mtihani wa mwakani nitaufanya, hata ukiangukia siku ya hitima, kwa sababu ninyi mtakuwa jikoni na mimi sitakuja kuwatazama mikono.”