Diski Niliyompa Lavender kwa Mikono Miwili

Watu wa kanisa letu hapa Birongo wananiambia nisamehe, eti ni diski tu. Diski! Kuna mtu aliyeniona nikililia diski? Ngojeni niwaeleze, ila mama yangu asisikie, halafu mniambie kama nyinyi mngesamehe.

Mimi Linet ndiye mwalimu wa kwaya. Nyimbo zetu natunga mwenyewe kwenye kompyuta iliyo sebuleni kwangu, ile nzee ya sanduku kubwa, iliyofunikwa kitambaa alichofuma mama. Naimba soprano, narekodi. Naimba alto, narekodi. Besi namwita mume wangu Ombati kutoka shambani, anaingia na matope yake yote. Na mnajua desturi yetu: wimbo mpya wa makambi, ile mikutano yetu ya kanisa ya kila mwaka, hausikiki mpaka Sabato yenyewe ya makambi. Tunafanya mazoezi madirisha yamefungwa, na anayeuvujisha tunamnunia mwaka mzima.

Wimbo wa mwaka huu haukuwa wa hivi hivi. Ulikuwa wa mama yangu, Drusilla, aliyehangaika na ndizi zake mpaka soko la Daraja Mbili ili mimi nisome. Mama amezeeka, miguu imekataa, na daktari ametuambia moyo wake umechoka. Nilitaka ausikie akiwa hai, mbele ya watu, na ajue ni mimi nimemtungia. Sikutaka kitu kingine mwaka huu, Mungu ananiona.

Sasa ile kompyuta ikaanza kunichezea. Ukiiwasha, unaenda kuchuma chai, unarudi, bado inafikiria. Ikawa pia inakwaruza kwa ndani kama mtu anayesaga meno usingizini. Nikampigia simu Lavender. Lavender ni mtoto wa mama mdogo, aliyefariki zamani. Mama alimchukua akiwa mchanga, tukalala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa. Siku hizi naye ameolewa Suneka, na ana duka la kutengeneza kompyuta.

“Diski yako inakufa, dada,” akaniambia. “Weka SSD. Hiyo haina kitu kinachozunguka ndani, ndiyo maana ina mbio.”

Tukakutana Kisii mjini kuichagua. Muuzaji akatutolea kitu chembamba kama chingamu, akaapa ndicho cha kisasa. Lavender akacheka. “Hicho atakichomeka wapi? Mashine ya dada haina mahali pake. Tupe ile bapa ya kuunganisha kwa waya, na isiwe ndogo kuliko vitu alivyonavyo.” Akakagua kama pakiti imewahi kufunguliwa, akauliza habari ya dhamana, muuzaji akawa mpole. Wueh, nilijivuna! Nikajiambia huyu kweli alilelewa na mama yangu.

Jumapili akaja kwangu. Akafungua sanduku, akapuliza vumbi, akaniambia niguse chuma kwanza ili umeme wa mwilini usije ukaunguza kitu. Akaichomeka diski mpya kando ya ile kuukuu na kunakili kila kitu, nisije nikaanza upya. Kisha akaichomoa ya zamani, akaingia kwenye mipangilio na kuiamuru mashine ianzie kwa diski mpya. Yesu! Sijakaa vizuri, imewaka. Nilipiga vigelegele mpaka Ombati akaja mbio akidhani kuna mgeni.

Ili kuhakikisha, tukafungua faili moja. Ilikuwa wimbo wa mama. Lavender akausikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi.

“Na mimi alinilea,” akasema.

“Najua. Ndiyo maana umeusikia. Funga mdomo mpaka makambi.”

Akaapa kwa kaburi la mamake.

Kwetu, mtu aliyekusaidia hatoki nyumbani mikono mitupu. Ni aibu. Nilimfungia mkungu wa ndizi, akasema Suneka zimejaa. Nikamshika jogoo, akasema atamsumbua njiani. “Nipe tu hii diski kuukuu,” akasema, “nitaifanyia majaribio dukani.” Nikaona ni kitu kidogo mno, lakini nikaifunga kwenye karatasi, nikampa kwa mikono miwili. Kufuta nyimbo zilizobaki ndani yake? Utamwambiaje dada yako ngoja kwanza nifute? Ni kama kuhesabu vijiko mgeni akiaga.

Baada ya hapo nikabadilisha ubeti wa tatu. Ule wa awali ulitaja viatu vya plastiki ambavyo mama alivaa kwenda kila mahali, hata kanisani. Niliogopa watu wangecheka, nikavitoa.

Makambi yakafika. Tulikuwa tumealika kwaya ya Suneka, na wageni ndio huanza. Lavender akasimama mbele na maikrofoni. Alipofungua mdomo, nilidhani nimesikia vibaya. Soprano ni yangu! Alto ni yangu! Hata pale nilipovuta pumzi, wanavuta pumzi! Ulipofika ubeti wa tatu, nikasikia viatu vya plastiki vikipita mbele ya umati mzima. Hakuna aliyecheka. Watu walilia. Mwenye kutangaza akasimama: “Wimbo huu umetungwa na Lavender, binti yetu wa hapa Birongo!”

Gladys wa alto akaninong'oneza, “Mwalimu, sasa sisi tunaimba nini?” Tuliimba wimbo wa kitabuni, kinyonge, kama watu waliotoka kuugua.

Nilimpata nyuma ya hema.

“Nyoka wewe! Asante ya punda ni mateke!”

“Dada, kule Suneka wananiita mke wa juzi,” akasema akitazama chini. “Hata maikrofoni walikuwa hawanipi. Nilihitaji kitu changu.”

“Si ungeniomba!”

“Ungenipa?”

Nisingempa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

“Na diski ulinipa mwenyewe,” akaongeza.

“Nilikupa chuma, Lavender! Sikukupa mama!”

Nikamwacha analia, nikaenda moja kwa moja kwa mama. Nilikuwa nimeamua. Ningemwambia yote, Lavender aaibike mpaka Suneka wamsikie.

Mama alikuwa kwenye kiti chake mbele ya hema, blanketi magotini, mkono kifuani. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, naye anatabasamu. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya harusi yangu.

“Moiseke one,” akasema, yaani msichana wangu, “umesikia? Lavender amekumbuka mpaka viatu vyangu. Nilidhani hakuna aliyeviona.”

“Mama, huo wimbo…”

“Ngoja niseme.” Alivuta pumzi kwa shida. “Miaka hii yote nimekuwa nikijiuliza kama huyu mtoto ananiona mama yake, au mama mkubwa tu aliyemlisha. Nilikuwa nitakufa bila kujua. Leo nimejua.”

Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi wangu. Niliyameza, na kuyameza kuliniuma kuliko wizi wenyewe. Yule mwizi alichukua sauti yangu akamfurahisha mama nayo, na sasa ni mimi wa kumlindia mali ya wizi.

Mama akanishika mkono, akaniangalia kwa utani ule wake wa siku zote.

“Na wewe je, mwalimu mzima wa kwaya? Wangu utanitungia lini?”

“Karibu, mama,” nikamwambia. “Bado naurekebisha.”