Giza la Saa Saba Mchana

Mwinjuma Sadallah aliuza mikate ya boflo kwa baiskeli, na kwa sababu hiyo taa yake ilikaa nyumbani. Aliinunua kwa kuwa kanuni za mji zilitaka kila baiskeli iwe na taa mbele, kengele, breki mbili, jicho jekundu nyuma na kibati cha namba. Siku ya ukaguzi aliifunga, akapita, akarudi Temeke akaitundika msumarini juu ya kitanda. Taa ya mafuta na boflo havipandi chombo kimoja. Mkate ukishanuka mafuta, mteja anakurudishia hata kama ameshaumega. Basi Mwinjuma alitoka nyumbani jua likishachomoza na kurudi likiwa bado kali, na taa ikakaa miaka mitatu bila kuwashwa.

Akikaribia nyumbani, kwenye mkorosho wa mwisho, alipiga kengele mara tatu ili mkewe Somoe aepue chungu. Jumanne moja mwishoni mwa Machi, mwaka 1951, masika yakiwa yamechelewa, Somoe alisikia kengele ya kwanza na ya pili. Ya tatu haikuja. Alitoka na mwiko mkononi, akakuta gari jeusi limesimama katikati ya barabara, baiskeli iko mtaroni, na mikate mitatu iliyobaki imetawanyika vumbini karibu na mumewe. Ilikuwa saa saba mchana. Mzungu aliyekuwa akiendesha alikuwa anarudi kwake kula. Alishuka, akavua kofia kwa sababu ya joto, akasema, "Mimi sikuona mtu."

Mwinjuma alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Watu wapatao arobaini walimsindikiza, mmoja wao askari polisi Jabiri, rafiki yake tangu utotoni, ambaye alishuka mwenyewe kaburini kumpokea. Jua lilikuwa kali, udongo uliochimbwa ulikauka kabla haujarudishwa. Somoe akaingia eda.

Kesi ilisikilizwa wiki ya sita. Mahakama ilimwita Somoe, maana ni yeye peke yake aliyetoka nje wakati ule. Mwalimu wa msikiti alisema kwa jambo zito kama hilo mjane anaweza kwenda mchana na kurudi mchana. Wifi zake wakasema hapana, watu watasemaje, hata arobaini haijasomwa. Somoe akawasikiliza wifi zake. Alituma salamu kwamba eda ni miezi minne na siku kumi, tafadhali wamngoje. Hawakumngoja, na jambo hilo lilikuja kumuuma kuliko mengi.

Mzungu aliapa kwamba hakumwona mwendesha baiskeli. Hakimu akafungua kanuni. Mwendesha baiskeli asiyeonekana ni yule asiye na taa, na baiskeli ya marehemu, iliyoegemezwa ukutani kama ushahidi, haikuwa na taa. Kukosa taa ni kosa baada ya jua kuzama. Kwa hiyo jua lilikuwa limezama. Hukumu ilichukua ukurasa mmoja na nusu: ajali ilitokea gizani, kwa kosa la marehemu.

Kesho yake, saa saba mchana, giza likaingia Temeke. Lilianzia kwenye mkorosho wa mwisho likaishia mtaroni, hatua ishirini kwa urefu, na kwa upana lilitosha barabara. Lilikaa kiasi cha saa moja, likaondoka. Siku ya pili likarudi, na ya tatu, hata watu wakalizoea. Kuku walipanda mkorosho wakalala, wakaamka saa nane. Wanawake waliotoka kisimani walishikana mikono wakapita wakizungumza mambo yao. Ramadhani ilipofika, mzee Bakari, ambaye tumbo lake halijawahi kumwonea haya, aliingia gizani na tende tatu na kikombe cha uji, akidai magharibi imeshaingia. Mwalimu wa msikiti alimtoa kwa bakora.

"Jua halijazama," alimwambia. "Limehukumiwa tu."

Polisi walimweka Jabiri pale na kurunzi na daftari. Kanuni zilikuwa wazi: penye giza, taa. Wauza mkaa wa baiskeli kutoka Pugu waliandikwa makosa mmoja mmoja wiki nzima, mpaka wakajifunza kushuka kwenye mkorosho, kuwasha taa, kupita hatua ishirini, kuzima, na kuendelea na safari juani.

Eda ilipokwisha Somoe alioga, akavaa kanga mpya, akaitungua taa msumarini, akaenda mahakamani kwa miguu. Mezani alimkuta karani Apolinari, mtu wa Bukoba, ambaye ndiye aliyekuwa akitafsiri maneno ya hakimu.

"Karibu, mama. Pole sana na msiba."

"Nishapoa. Nimekuja kusema nilichokiona. Ilikuwa mchana."

"Mama, kesi ile imefungwa."

"Basi ifungueni. Mie sitaki fidia wala sitaki mtu afungwe. Nataka iandikwe kwamba mume wangu kafa mchana, na kosa halikuwa lake. Basi."

Apolinari alikuwa mtu mwema, na hukumu ile ilikuwa imepita kinywani mwake neno kwa neno. Akaingia kwa hakimu, akakaa sana huko, akatoka na ruhusa.

Alhamisi Somoe alisimama mbele ya hakimu akaiweka taa mezani.

"Tazama utambi, bwana. Mweupe. Haujaonja moto tangu taa inunuliwe. Mtu wa kutembea gizani utambi wake huwa hivi?"

Hakimu aliigeuza taa, akaunusa utambi, akaandika. Apolinari alitafsiri kwa sauti ya chini: marehemu alikuwa na taa na hakuitumia, jambo ambalo linalizidisha kosa.

"Alizikwa alasiri," Somoe alisema. "Watu arobaini walikuwapo. Mtu azikwe alasiri, halafu ndiyo agongwe jioni?"

Hakimu alifikiri. Alisema kanuni za baiskeli hazigusi mazishi. Hata hivyo, kwa kuwa hakutaka kuonekana mtu wa kuonea, alikubali kwenda kupaona mahali penyewe, saa ile ile anayoitaja mjane. Somoe alishukuru kwa moyo wake wote. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Machi, alilala usingizi mzima.

Siku ya pili, saa saba kasoro, gari la mahakama lilifika Temeke. Jua lilichoma. Watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara, na wengi wao ni wale waliozika. Kwenye mkorosho dereva aliwasha taa za gari, akaingia polepole, akasimama katikati, akazizima. Hakimu alishuka. Alinyoosha mkono mbele yake asiuone. Akawasha kiberiti, akaangalia saa yake, kiberiti kikazimika.

"Ni giza," Apolinari alitafsiri, "kama ilivyoandikwa."

"Giza hili limekuja baada ya hukumu!" Somoe alisema. "Kabla yake halikuwapo. Waulizeni hawa. Bwana, rudi nyuma hatua ishirini tu, kuna jua!"

Hakimu alijibu kwamba ajali haikutokea hatua ishirini nyuma, na kwamba mahakama inatazama mahali, haitazami maneno ya watu. Akarudi garini. Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulioletwa Temeke ulikuwa na meno upande mmoja, na kila aliyekuwa pale alijua ni upande upi. Apolinari alibaki nyuma kidogo. Alimtafuta Somoe gizani mpaka akaugusa ukingo wa kanga yake.

"Nisamehe, mama. Mie natafsiri tu."

"Najua, baba," Somoe alisema. "Nenda, watakuacha."

Kwa kuwa shauri sasa lilikuwa limekwisha kabisa, baiskeli ilitolewa ushahidini. Somoe aliifuata mjini mwenyewe, akaikokota njia nzima chini ya jua, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye tandiko. Kapu la mikate lilikuwa bado limefungwa nyuma. Ilikuwa na kengele, breki mbili, jicho jekundu na kibati. Alifika kwenye mkorosho saa saba na robo, akaingia gizani bila kusimama. Mwanga wa kurunzi ukamwangukia.

"Taa iko wapi, shemeji?" Jabiri aliuliza.

"Nyumbani, msumarini."

"Kanuni inasema baiskeli yoyote barabarani. Iwe inaendeshwa, iwe inakokotwa."

"Najua inavyosema."

Jabiri alifungua daftari, akakaa nalo bila kuandika.

"Shemeji," Somoe alisema, "wewe ulishuka kaburini."

"Nilishuka."

"Kulikuwa na jua?"

"Kali. Jasho lilinijaa machoni, nikawa sizioni kamba za sanda. Nilizifungua kwa kupapasa."

"Basi andika hivyo."

Jabiri alilia. Hakujificha, na pale hapakuwa na haja ya kujificha. Alipomaliza alipangusa daftari kwa kiganja, akamuuliza jina lake, ingawa alikuwa amecheza ngoma kwenye harusi yake, akaliandika. Akaandika: baiskeli bila taa, baada ya jua kuzama. Alichana karatasi akampa, kisha akashika kapu kwa nyuma akamsaidia kusukuma mpaka mtaroni.

Somoe alitoka juani. Alifunga karatasi kwenye pindo la kanga, akaitazama nyumba yake, mlango uko wazi na jikoni hapana moshi. Akapiga kengele mara moja, ile ya tatu. Nyuma yake, ndani ya giza, Jabiri alikuwa anamuuliza mtu mwingine taa yake iko wapi.