Pengo la Upande wa Mto

Mwalimu Nicanor aliamini kwamba jambo lisilopimika ni porojo. Alitoka chuo cha ualimu na cheti, rula ya futi moja, na dharau ambayo rula hiyo isingetosha kuipima. Mwaka wa 1955, Serikali ilipowang'oa watu wa mabonde ya juu ya Ruiru na kuwasukumiza katika kijiji kimoja kiitwacho Mukuyuini, ili walindwe dhidi ya watoto wao wenyewe walioingia msituni kupigana na Serikali hiyo, wengi walilia. Nicanor aliitazama mistari ya vibanda iliyonyooka, akakiri moyoni kwamba angalau sasa palikuwa na kitu cha kuchora.

Mpango mpya wa masomo ulisema jiografia ianzie mlangoni kwa mtoto: watu wanakaa wapi, kwa nini wanakaa hapo, na vitu wanavyovihitaji viko umbali gani. Swali la pili Nicanor aliliruka. Hakuwa mjinga.

"Mto uko umbali gani kutoka hapa?" aliuliza darasa la sita.

Idah, msichana asiyejua kunyamaza, alinyoosha mkono. "Inategemea, Mwalimu. Tukipita pengoni ni hapo tu. Tukipita langoni na Kaleli yuko zamu, ni mbali kidogo. Akiwa Bedan, afadhali twende Thika."

Darasa likaangua kicheko.

"Umbali hautegemei mtu," Nicanor alisema. "Umbali ni yadi. Keti."

Kijiji kizima kilizungukwa na handaki, na ndani ya handaki ilisimikwa mianzi iliyochongoka. Pengo lilikuwa upande wa mto, mahali mvua ilipobomoa ukingo na kufukia kila kitu. Bedan, mkubwa wa homgadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na Serikali, alitakiwa alichimbue upya, naye alikuwa na mambo mengine. Kina mama walipita hapo na madebe yao ya maji, na kwa adabu kubwa hakuna aliyemkumbusha.

Nicanor na darasa lake walipima kijiji kwa kamba. Ramani ikachorwa juu ya karatasi ya kaki: kanisa msalaba, mnara wa walinzi pembetatu, kituo cha homgadi mraba, na pengo likawekewa vitone vyekundu na maneno "njia fupi ya mtoni". Kaskazini ilikuwa kaskazini kweli. Ikatundikwa ukutani, na mwalimu akasimama mbele yake kama baba wa bwana harusi.

Bedan alikuja kuomba chaki. Akasahau chaki.

"Hii pembetatu ni nini?"

"Mnara wako."

"Na haka kamraba?"

"Kituo chako. Pale unapolala."

"Kutoka kwa vitone mpaka hapa?"

"Yadi tisini na sita," alisema Nicanor kwa fahari.

"Ngai!" Bedan alishika kichwa. "Mwalimu, umewapimia watu wa msituni njia mpaka kitandani kwangu!"

Ramani ilikunjwa kwa uangalifu. Mwalimu aliifuata nyuma, mikono imefungwa kwa kamba yake mwenyewe ya kupimia.

Mkewe Magdalene alimletea uji kituoni. "Baba Macharia, si nilikwambia uwafundishe Amerika ya Kusini?"

"Mpango wa masomo unasema tuanzie nyumbani."

"Basi huo mpango ukulishie watoto ukiwa Manyani."

Wote wawili walijua Manyani ni nini. Watu walipelekwa kizuizini huko kwa makosa madogo kuliko kujua kaskazini iko wapi.

Kesho yake alifika kituoni bwana shauri, afisa wa wilaya, Mzungu kijana mwenye soksi ndefu, aliyesema Kiswahili cha kuwaamrisha wapishi. Alitandaza ramani mezani, akaitazama kwa muda.

"Mzuri sana," alisema, na Nicanor, Mungu amsamehe, alifurahi. Kisha kidole kikatua juu ya vitone vyekundu. "Hii nini?"

"Pengo la handaki, bwana. Mvua ililifukia."

Bwana shauri alimtazama Bedan. Bedan alitazama paa. Handaki la Mukuyuini, kwa habari zilizofika kwa wakubwa wa Thika, lilikuwa limekamilika pande zote, na aliyepeleka habari hizo ndiye huyu mwenye soksi, naye alikuwa amesifiwa. Kumpeleka mwalimu Manyani ilikuwa kazi rahisi. Tatizo ni kwamba ramani ingekwenda naye kama ushahidi, na njiani ingesomwa na wakubwa.

Akatoa mkobani ramani ya Serikali, iliyopigwa chapa kabla hata Bedan hajaota meno. Mahali pa Mukuyuini palikuwa na kilima kitupu.

"Hapa hapana kijiji. Hapana handaki. Hapana pengo. Ramani ya Serikali iko kweli?"

"Iko kweli kabisa, bwana," alijibu haraka Bedan, aliyekuwa ameigeuza ramani juu chini.

"Basi hii ya mwalimu iko wongo. Wewe nasema nini? Iko kweli, wewe nakwenda Manyani. Iko wongo, wewe nakwenda nyumbani."

"Bwana, hiyo ya Serikali ilichorwa kabla ya—"

Bedan alikohoa. "Mwalimu," alinong'ona kwa Kikuyu, "kwani wewe hujawahi kukosea hata siku moja? Kosea leo."

Nicanor aligeuka. Alimwona Magdalene mlangoni, bakuli tupu mkononi.

"Ramani yangu si sahihi, bwana."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza pale kijijini, na mara ya kwanza kuaminiwa bila kuulizwa kipimo.

"Mzuri. Pengo haiko. Jumamosi mimi narudi, pengo haiko kabisa."

Kwa hiyo somo lililofuata la jiografia lilifanywa kwa majembe. Darasa la sita lilichimba, wazazi wakachonga mianzi, ardhi ikasahihishwa. Bedan aliketi ukingoni akitafuna muwa.

"Chimba chini zaidi, Mwalimu! Ramani yako bado ina ukweli kidogo."

Jumatatu ukutani palitundikwa ramani ya Serikali. Watoto waliisogelea, wakatafuta.

"Mwalimu," Idah aliuliza, "sisi tuko wapi?"

"Hatupo. Tuendelee na mito."

Aliporudi nyumbani, alikuta debe kavu limewekwa mlangoni.

"Mto umehama, baba Macharia," alisema Magdalene.

"Mto hauhami."

"Basi nenda wewe ukauchukue."

Akaenda. Langoni zamu ilikuwa ya Bedan, amelaza bunduki mapajani, macho nusu wazi.

"Ngoja kidogo, Mwalimu."

Nicanor aliketi juu ya debe lake. Mto aliusikia vizuri kabisa. Aliipapasa mfukoni kamba ya kupimia, kisha akatoa mkono mtupu. Alikuwa hajui "kidogo" ya Bedan ni yadi ngapi.