Kipande cha Kondo

Dada yangu Juliet alizaa asubuhi, na mimi nikaenda kliniki na ndoo kuchukua kondo la nyuma. Kwetu linazikwa nyumbani, tena lote. Ukiacha kipande nje, mtoto anakuwa wa kuugua ugua tu. Mama alitufundisha hivyo.

Wauguzi waliponirudishia ndoo nikaifungua hapo hapo mlangoni. Kondo lilikuwa limekatwa pembeni, sawa kabisa, kama kwa wembe.

"Nani amekata hii?"

Kijana mmoja wa koti jeupe akasimama. Anaitwa Chuol, mtu wa utafiti. Mkononi alikuwa na kichupa.

"Pole, kaka. Ni kidogo tu, kama ukucha. Tunaangalia seli zake."

"Unauza wapi?"

"Siuzi! Tunaangalia kwa maikroskopu."

"Basi angalia sasa hivi, halafu urudishe."

"Hairudi, kaka. Tunaikata nyembamba kuliko karatasi, tunaipaka rangi."

Nikashika ule mkono wenye kichupa. Juliet akaniita kutoka kitandani.

"Lino! Muache. Mimi nilimwambia akate."

"Wewe? Na mtoto je?"

"Yule wa kwanza alifia tumboni, na kondo lake ulizika lote. Kuna mtu aliniambia kwa nini alikufa?"

Nikamuachilia Chuol, lakini nikatoa simu nikapiga picha uso wake, kitambulisho chake na kichupa.

"Mkijua kitu, unakuja kwetu kijijini Gumbo kumwambia dada yangu mwenyewe. Usipokuja, nitakutafuta."

"Nitakuja."

Watu wa utafiti wote wanasema hivyo. Nikabeba ndoo, nikaenda kuchimba.