Cheti Kilichoshonwa Kama Hirizi

Wewe uliyeficha cheti cha dawa cha mwaka jana chini ya godoro, sikia yaliyomfika Mwanabaraka, hapa hapa Bagamoyo, miaka ile baada ya vita.

Mwanawe Ashatu alishikwa na homa wakati wa masika. Daktari akaandika cheti, dirishani wakatia dawa ya maji katika chupa aliyokwenda nayo, na mtoto akapona. Cheti Mwanabaraka hakukitupa. Alikishonea ndani ya kitambaa cheusi akamvika mtoto shingoni, pamoja na hirizi yake ya uchanga. Maandishi yaliyoponya atayatupaje jaani?

Mwaka uliofuata Ashatu akachemka tena, analia kashika sikio.

"Mpeleke kwa daktari, wifi," Zaina, dada wa mumewe, akamwambia. "Sikio linatoa usaha."

"Daktari ninaye, yupo shingoni," Mwanabaraka akajibu, akacheka.

Akawa anamlaza mtoto sikio likiwa juu ya kile kitambaa. Kukicha, afadhali ya jana. Mpaka mtoto alipokataa hata uji ndipo akambeba na chupa tupu mbio hospitali. Foleni ya daktari akaipita, moja kwa moja dirisha la dawa.

"Nitilie ile ya masika, baba," akasema, akimvua mtoto kile kitambaa cheusi na kukisukuma dirishani.

Kasian, mgawa dawa, alikigeuzageuza kifurushi. "Hii nini, mama? Mimi si shehe."

Watu wa benchini wakaangua kicheko. Kasian akakata uzi kwa wembe. Karatasi ilikuwa imelowa jasho na mafuta ya nazi, wino umekuwa ukungu.

"Hiki cha mwaka jana. Daktari aliandikia homa ile, na mwili ule mdogo. Dawa yake ikishatoka, cheti kimekwisha kazi. Leo mtoto anaumwa sikio, mama!"

"Si mkono wa daktari yule yule?" Mwanabaraka akauliza.

"Bora angekichemsha, tukapata chai," bibi mmoja akadakia.

Mwanabaraka akajifunika kanga mpaka machoni, akaenda kukaa mwisho wa foleni.

Daktari alichungulia sikio la kushoto kitambo kirefu. "Usaha ulianza lini?"

Alitaka kusema jana. Mtoto akamwegemea kifuani, moto kama jiko. "Zimepita Ijumaa mbili sasa, bwana."

Daktari hakumgombeza, akaandika cheti kipya. Heri angemgombeza.

Homa ilitoka, usaha ukakauka. Jioni moja Zaina akaja na sahani ya vitumbua, akamkuta Ashatu amekaa barazani akichezea ukindu wa kusukia mkeka.

"Ashatu! Shangazi yako kaja na vitumbua!"

Mtoto hakugeuka.

"Huyu kaninunia, eti?"

Mwanabaraka alikuwa na neno tayari mdomoni: ana usingizi, hajambo, watoto ndivyo walivyo. Akaliona linavyokuja, akalimeza. Akatazama miguu yake.

"Zunguka upande huu, wifi," akasema. "Huko hasikii tena."