Walivyofundishana Baiskeli Efrazia na Athanas

Kazi ya Efrazia Mokami ilikuwa kuwaambia watu watembee. Alikuwa muuguzi wa zamani, sasa mkuu wa Idara ya Afya katika Hatua Njema, shirika lililopanga nyumba ya ghorofa moja pale Nkende, mjini Tarime. Aliwahimiza watu redioni, akawahimiza kanisani baada ya matangazo, akawahimiza kliniki ya presha, ambako yeye mwenyewe alikuwa na kadi ya mgonjwa. Alisema kwa moyo kabisa. Kisha akitoka nje alipungia bodaboda mkono, kwa sababu mama wa cheo chake akionekana anakanyaga vumbi, watu huuliza kama amefukuzwa kazi.

Chumba cha pili alikaa Athanas Ryoba, mkuu wa Idara ya Mipango, mtu mrefu, mkimya, aliyechora barabara nzuri sana ambazo hazikuwahi kutoka kwenye karatasi. Wawili hao walikuwa hawasalimiani. Shirika lilikuwa na gari moja chakavu, na kila idara iliamini kwamba nyingine inalitumia kwendea harusi. Ukweli ni kwamba zote mbili zililitumia kwendea harusi.

Siku moja mkurugenzi akawaita, akawakalisha kwenye kochi moja. Wafadhili walikuwa wametaka Afya na Mipango waungane, wahamasishe wananchi wa Tarime na Serengeti kutembea na kuendesha baiskeli. "Kuanzia leo ninyi ni kitu kimoja," akasema. Wakaitikia kama maharusi walioozwa kwa nguvu.

Kikao chao cha kwanza kilikuwa cha kuhamasisha kutembea, na asubuhi nzima ikaishia katika kugombania nani akae kiti cha mbele kwenda kijiji cha Machochwe. Walipofika huko, wamechelewa, wananchi walikuwa wameshakaa. Watu hao walikuwa wametoka majumbani mwao kwa miguu, wengine wakitokea moja kwa moja machungani. Efrazia akawaeleza faida za kutembea nusu saa kila siku. Walimsikiliza kwa adabu, wakampigia makofi. Alipouliza kama kuna swali, mzee mmoja akasimama, akakung'uta suruali.

"Mama, tumekuelewa sana," akasema. "Sasa hiyo gari ikirudi, haiwezi kutubeba mpaka njia panda?"

Waliporudi Nkende, Athanas akasema, akitazama dirishani, "Tulienda kumfundisha samaki kuogelea." Hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana.

La pili lilikuwa njia. Athanas alikuwa amechora njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kutoka mtaa wa ofisi yao kupita ukumbi wa mikutano hadi karibu na sokoni, na safari hii fedha za wafadhili zikaitoa kwenye karatasi. Ikajengwa, nyembamba, safi, na ukingo wa zege. Mkurugenzi akapanga uzinduzi, na akaamua kwamba wakuu wa idara zote mbili wataongoza msafara wakiwa juu ya baiskeli.

Athanas akaenda kwa Efrazia kumuuliza atapenda baiskeli ya urefu gani.

"Mimi sitaendesha," Efrazia akajibu. "Mimi nitapunga mkono."

Athanas akasimama mlangoni akimtazama. "Mama Mokami, hujui?"

"Sijui."

Kwao Natta baiskeli ilikuwa ya kaka zake. Yeye na dada zake walipewa ndoo. Alingoja Athanas acheke, na alipoona hacheki akachukia zaidi.

"Jumamosi asubuhi, uwanja wa mpira," Athanas akasema, akaondoka.

Hivyo ndivyo ushirikiano wa idara hizo mbili ulivyoanza kwa kweli. Efrazia alipanda, Athanas akashika tandiko na kukimbia nyuma yake akimkaripia kwa Kikurya, maana Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini na hakikuwa na maneno ya kutosha. Efrazia alianguka kwenye michongoma, akaanguka golini. Siku ya tatu Athanas naye akakaa chini ghafla, anahema, jasho linamtiririka. Efrazia akatoa kipimo kwenye mkoba, akamfunga mkononi. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya mgonjwa yeyote aliyemwona mwezi ule.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Sijawahi kupima."

"Unachora njia za watu kutembea, wewe mwenyewe unatembea lini?"

Kesho yake Athanas alikuja kliniki, akapanga foleni kama watu wengine. Na walipokuwa wakipumzika uwanjani, Efrazia alianza kumweleza mambo ambayo vikao havikuwahi kuyagusa: kina mama wanaotembea na mizigo kichwani hupita wapi wakati wa mvua, na kwa nini wagonjwa wake waliogopa kuvuka ile kona ya malori yanayokwenda mpakani Sirari. Athanas alichora kwa kijiti kwenye mchanga, akafuta, akachora tena.

Mjini maneno yakaenea. Agustina, karani wa mapokezi, alimwambia kila aliyeingia kwamba Afya na Mipango sasa wanaonana uwanjani alfajiri. Mke wa Athanas akaja kujionea. Akasimama pembeni, amejifunga kanga yake, akamwona Efrazia akipiga yowe na kutumbukia michongomani, na mumewe akimvuta kwa miguu. Akarudi nyumbani akiwa ametulia. "Hapo hakuna mapenzi," akawaambia majirani. "Hapo kuna ajali tu."

Siku ya uzinduzi ikafika. Efrazia alivaa suruali, jambo ambalo hata mama mkwe wake hakulijua. Mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi ya shirika, akawasili na gari kubwa jeupe, na nyuma yake magari mengine, yote ya watu waliokuja kuhimiza watu watembee. Palikuwa hapana pa kuegesha. Dereva wa mwenyekiti akatazama huku na huku, akaona ile njia mpya, tambarare, safi, akapanda juu yake. Wengine wakamfuata.

Mwenyekiti akashuka, akaweka mkono juu ya macho, akatazama jua. "Tufanyie ndani," akasema.

Basi baiskeli zikabebwa na vibarua, zikapandishwa jukwaani ukumbini, zikafungwa riboni. Watu wakaketi. Mwenyekiti akahutubia juu ya ubaya wa kukaa. Alihutubia mpaka waliokaa nyuma wakasinzia. Efrazia alimsikiliza huku mikwaruzo ya michongoma ikimwasha miguuni, na kitu kikampanda kifuani ambacho hakikuwa presha. Akainuka, akapanda jukwaani, akafungua riboni, akateremsha baiskeli ngazi kwa ngazi. Mwenyekiti akadhani ni sehemu ya ratiba, akapiga makofi.

Nje, Efrazia akapanda. Athanas akatoka nyuma yake na baiskeli ya pili. Kwa kipande cha njia kilichobaki wazi walikwenda vizuri, bega kwa bega, na kina mama waliokuwa wakienda sokoni wakapiga vigelegele. Efrazia hakukumbuka mara ya mwisho alipofurahi namna ile.

Lakini Athanas alikuwa amemfundisha kwenda. Kusimama walikuwa wamepanga wiki ijayo. Gari la mwenyekiti lilikuwa limekaa katikati ya njia, na Efrazia akalivaa ubavuni kwa nguvu zake zote. Mlango ukabonyea. Kifundo cha mkono wake kikavunjika.

Bodi ikakutana haraka kuliko ilivyowahi kukutana. Mlango ulijadiliwa kwa uchungu, mkono ukatajwa. Hakuna aliyeuliza gari lilikuwa linafanya nini pale. Ikaamuliwa kwamba baiskeli ni hatari, na kwamba ili kazi ya kuhamasisha kutembea isikwame, idara zote mbili zinunuliwe gari jipya, la kutumia kwa pamoja.

Gari likaja, lina kiyoyozi. Ndani ya mwezi mmoja Afya na Mipango wakawa hawasalimiani tena, maana ufunguo ulikuwa mmoja. Mipango wakawahi kuushika.

Efrazia, mkono umefungwa plasta, hakuweza kupanda baiskeli wala kujishikilia kwenye bodaboda. Akaanza kutembea. Alitembea kwenda kazini, akatembea kurudi, na waliouliza kama amefukuzwa aliwajibu bado. Kliniki wakampima presha, wakampima tena kwa kutoamini, wakampunguzia dawa. Hakumwambia mtu ofisini, kwa kuhofia kwamba wangeitangaza kama mafanikio ya mradi.

Asubuhi moja gari jipya likapunguza mwendo kando yake. Kioo kikashuka. Ni Athanas, uso umemvimba kwa kukaa.

"Mama Mokami, ingia."

"Unakwenda wapi?"

"Machochwe." Akasita kidogo. "Kuhamasisha."

Efrazia akamtazama. Alikumbuka uwanja, na jinsi mtu huyu alivyokimbia nyuma yake akihema, asimwachie.

"Dawa unakunywa?" akamuuliza.

"Nikikumbuka."

"Kumbuka. Nenda salama."

Kioo kikapanda. Gari likaondoka, vumbi likamfunika Efrazia mpaka kichwani. Akasimama kidogo kulingoja litue, akajipangusa uso kwa mkono mzima, akaendelea na safari yake.